Midoli inayokufa na betri, na ile isiyokufa

Mteja akiingia dukani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akashika mdoli, akaugeuza juu chini, swali la kwanza ni lilelile, "Dada, hii inafanya nini?" Na mi najua anachotaka kusikia. Anataka nimwambie inaimba, inawaka taa, inatembea yenyewe, ikigonga ukuta inageuka, ina na rimoti. Nikimwambia haifanyi kitu, ni vitofali tu vya kupachika, au ni lori la mbao la kuvuta kwa kamba, anairudisha taratibu kwenye shelfu hata kama bei yake ni ndogo kuliko ile inayoimba.

Swali ambalo natamani waniulize ni mtoto atafanya nini nayo. Biashara hii nimeifanya muda sasa na nimekuwa nasoma sana habari za makampuni makubwa yanayotengeneza hivi vitu, maana sipendi kuuza kitu ambacho sijui kilikotoka, na kila nikisoma narudi palepale, kwamba midoli iliyodumu sokoni miaka 60, 70 na zaidi ni ile ambayo yenyewe inafanya kidogo sana, kazi kubwa kaachiwa mtoto. Ngoja nieleze, ni ndefu kidogo mtanivumilia.

Tuanze na ile inayoimba. Gari la polisi la plastiki, lina king'ora na taa nyekundu na buluu, sikukuu ya Iddi mtaa mzima unalia ving'ora. Wiki ya pili kimya. Kwanza betri zinazokuja nazo ni dhaifu na mzazi hanunui nyingine, pili ni hii hewa yetu ya bahari. Fungua kile kifuniko cha betri cha gari lililokaa miezi michache tu kwenye nyumba ya Raskazone au Sahare huko karibu na maji, utakuta springi imeota ukungu wa kijani na vile vibati vya kushikia betri vimelika. Fundi redio anaweza kuvisugua kwa msasa akagusisha risasi kidogo na gari likarudi kupiga kelele, ila hela ya fundi inakaribia bei ya gari jipya, basi linatupwa.

Ila kabla halijatupwa hebu angalia watoto wanavolifanya. Wanalivunja, wanatoa ile mota ndogo, wanachomoa magurudumu na ekseli zake, mota wanaifunga kwa mpira juu ya kipande cha ndara kuukuu, wanapachika panga la bati lililokatwa kwenye kopo, wanaazima betri ya tochi ya mtu, na hapo wanabishana saa nzima kwanini linazunguka kinyume mpaka mmoja anagundua kugeuza nyaya. Hapo ndo mchezo umeanza kwa kweli. Hayo masaa yote gari lilipokuwa zima walikuwa wanalitazama tu.

Sasa njoo kwenye LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kupachika. Aliyeianzisha, Ole Kirk Kristiansen, alikuwa fundi seremala tu wa kijiji cha Billund huko Denmark. Mwaka 1932 uchumi wa dunia umeanguka, watu hawajengi, oda za nyumba na fanicha hakuna, akaanza kutengeneza vitu vidogo vidogo vya kuuzika, ngazi fupi, mbao za kupigia pasi, na midoli ya mbao. Mwaka 1942 karakana ikaungua, akajenga tena. Baada ya vita akanunua mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisindilia kwenye moldi, na 1949 wakatoa vitofali vya kwanza, ambavyo kwa haki lazima isemwe vilifuata wazo la Mwingereza Hilary Fisher Page aliyekuwa na vitofali vyake vya Kiddicraft tayari. Vile vya mwanzo vilikuwa havishikani vizuri, ukijenga ukuta mrefu unamwagika.

Dawa ilipatikana Januari 28, 1958, siku ambayo Godtfred mtoto wa Ole Kirk alipeleka maombi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya tofali lenye vimirija ndani. Kama unalo tofali la LEGO nyumbani, lile la vifundo nane juu, ligeuze. Utaona vimirija vitatu vya duara katikati. Ukilipachika juu ya jingine, kila kifundo cha tofali la chini kinabanwa kati ya kimirija na ukuta wa tofali la juu. Ndo maana linashika kweli, lakini mtoto mdogo bado anaweza kuling'oa kwa vidole vyake mwenyewe. Hicho kipimo hawajakibadilisha mpaka leo. Tofali la 1958 linaingia kwenye tofali lililotoka kiwandani mwaka huu, na vitofali sita tu vya vifundo nane, rangi moja, vinaweza kupangwa kwa namna 915,103,765. Vitofali sita!

Mi hapo huwa nasimama nafikiri kama mfanyabiashara. Biashara nyingi za midoli zinataka cha mwaka jana kife ili ununue cha mwaka huu. Hawa wamefanya kinyume, unachonunua leo kinaongezea thamani ulichonunua zamani, kaka mkubwa anamwachia mdogo wake na mdogo anaongezea. Na walipojisahau walilipa. Kuelekea 2003 na 2004 walikuwa wametawanyika, mbuga za michezo, nguo, michezo ya video, vipande vya maumbo maalum chungu nzima ambavyo kila kimoja kinahitaji moldi yake, na moldi ni hela nyingi, kampuni ikawa inakaribia kuzama. Mwaka 2004 akapewa uongozi Jørgen Vig Knudstorp, kijana ambaye hata si wa ukoo wa wenye kampuni, akapunguza aina za vipande, hisa kubwa ya zile mbuga ikauzwa, wakarudi kwenye tofali. Mwaka 2024 mauzo yao yalizidi kroni za Denmark bilioni 74.

Sasa tuseme ukweli, LEGO yenyewe hapa Ngamiani haiuziki, boksi moja la maana ni kodi ya chumba. Ninavyouza mimi ni vitofali vya Kichina, na hataza ile ya 1958 ilishaisha muda wake siku nyingi kwa hiyo kutengeneza tofali la kawaida la kupachika ni halali, ilimradi usijiite LEGO wala usichapishe nembo yao. Tatizo ni ubora. Nikiwa Kariakoo nachagua mzigo sifungui macho tu, nafungua na boksi. Nachukua vitofali viwili navibana, nashika cha juu natikisa. Kikianguka, huo mzigo haufai. Kisha navitenganisha kwa kucha, visipoachana mtoto atatumia meno. Halafu napitisha kidole kwenye kona, nikikuta vindevu vya plastiki najua moldi imechakaa na vitofali vya juu kabisa ya mnara havitakaa sawa. Wauza jumla wengine wananinunia wakiniona nafanya hivo, na wananuna haswa, ila mtoto wa Chumbageni akijenga nyumba ikaanguka mara tatu anaamini kosa ni lake, na hilo linaniuma kuliko hasara.

Kuna stori nyingine ya kampuni ya Hasbro naipenda mno. Hii kampuni ilianza 1923 kule Rhode Island, Marekani, ndugu wa ukoo wa Hassenfeld, wakiuza mabaki ya vitambaa. Mwaka 1952 wakatoa Mr. Potato Head, na katika boksi hapakuwa na kiazi! Zilikuwa pua, macho, masikio, kofia, miguu, vyote vina kincha cha kuchomeka, kiazi unachukua jikoni kwa mama. Ndo mdoli wa kwanza kutangazwa kwenye televisheni, na tangazo liliongea na watoto wenyewe badala ya wazazi, jambo ambalo mpaka leo linatusumbua sisi tunaosimama dukani na mtoto anayelia. Kiazi cha plastiki kilikuja kuongezwa 1964. Mimi naona kile cha kwanza ndo kilikuwa kizuri, kwa sababu kila kiazi kina sura yake na mtoto lazima akiangalie kwanza aamue pua ikae wapi. Niliwahi kuwapa watoto wa jirani vipande vya namna hiyo na muhogo mbichi. Walichoka wazazi, wao hawakuchoka.

Play-Doh, lile donge laini la kufinyanga, nayo inafanana. Ilikuwa dawa ya kusafishia karatasi za ukutani, Cincinnati huko, watu wakipasha nyumba joto kwa makaa ya mawe kuta zinajaa masizi, wanapitishia lile donge linabeba uchafu. Watu wakaacha makaa, biashara ikadorora, mwalimu mmoja wa chekechea akagundua watoto wanaweza kulifinyanga, na 1956 likaanza kuuzwa kama kitu cha kuchezea. Akina mama wanaoniuliza kwanini siuzi nyingi, ni kwa sababu hewa ikiingia linakauka linakuwa jiwe, na nyumbani unaweza kukanda mwenyewe unga wa ngano, chumvi ya kutosha, maji, mafuta kidogo na rangi ya chakula, unalifunga kwenye mfuko linakaa siku nyingi. Nawaambia wazi japo nakosa mauzo.

Haya, wanasesere. Hapa nina maneno mengi.

Ruth Handler, mmoja wa walioanzisha kampuni ya midoli ya Mattel, Marekani, mwaka 1945, alikuwa akimwangalia bintiye Barbara akicheza na wanasesere wa karatasi, akaona mtoto anawapa maisha ya watu wazima, kazi, safari, mazungumzo. Wakati ule wanasesere wengi madukani walikuwa vichanga, kwa hiyo binti kazi yake ilikuwa moja tu, kuwa mama. Akiwa Ulaya akaona mdoli wa Kijerumani aitwaye Bild Lilli, mwanamke mzima, akachukua wazo, na Machi 9, 1959 Barbie akazinduliwa kwenye maonyesho ya midoli New York, bei dola 3. Watu wamemsema sana Barbie kwa kiuno kile na wana haki, mpaka 2016 ndo Mattel wakatoa maumbo mengine, mfupi, mrefu, mnene kiasi. Na rangi pia, rafiki yake mweusi Christie alitoka 1968, ila mweusi aliyebeba jina la Barbie mwenyewe ni wa 1980.

Lakini bibi zetu hapa hawakumsubiri. Mwanasesere wa gunzi la mahindi, aliyezungushiwa kipande cha kanga, nywele ni katani. Tanga hii ya mkonge, katani ilikuwa inaokotwa bure, unachukua shungi moja, unalichana kwa vidole mpaka linalainika, unalifunga juu ya gunzi kwa uzi, halafu unasuka. Twende kilioni, mabutu, chochote. Ukiharibu unafumua unasuka tena. Ndo hapohapo wasichana wengi walijifunza kusuka, kabla mtu yeyote hajawaamini na kichwa cha mtu. Huyo mwanasesere hakuwa na mdomo wala macho na alikuwa anaongea siku nzima.

Kwa hiyo nikiwa nachagua wanasesere kitu cha kwanza nageuza kichwa naangalia nywele. Kuna za kumwagwa pamoja na kichwa, plastiki tupu, hizo hazisukiki. Kuna zilizogundishwa kwa gundi, zinabanduka zote pamoja kwa joto letu. Kuna zilizoshonewa, kila kishungi kimeingia kwenye tundu lake kwenye fuvu, hizo ndo zenyewe. Sasa kutafuta mwanasesere mweusi, nywele za kushonewa, nyingi za kutosha kusuka, kwa bei ambayo mama wa Mabawa ataimudu, ni shughuli. Wapo weusi ambao ukiwaangalia vizuri ni yuleyule mzungu kapakwa rangi. Nigeria yupo Taofick Okoya aliyeanzisha Queens of Africa mwaka 2007 baada ya kukosa mdoli mweusi wa kumpa mtoto wa ndugu yake, na wanasesere wake wana mavazi na misuko ya huko. Natamani sana siku moja nione wa kwetu, amevaa kanga iliyoandikwa, wa Tanga hii hii.

Mzigo mwingi unatoka Uchina, hilo halina ubishi, hata hao wakubwa wa Marekani sehemu kubwa wanatengenezea huko. Kuna wilaya ya Chenghai, mji wa Shantou, jimbo la Guangdong, yenyewe ni viwanda vya midoli tu, na kuna soko la Yiwu ambalo wafanyabiashara wa Kariakoo wanalijua kwa vichochoro. Kitu ambacho wateja hawakijui ni kalenda. Ulaya na Marekani biashara hii inaishi kwa Krismasi, sisi Tanga tuna Iddi mbili na Krismasi juu yake, na Iddi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, ile ya Fitri 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 Machi 31. Miaka hii inagongana na mwaka mpya wa Kichina, viwanda vinafungwa wiki kadhaa wafanyakazi wanarudi kwao, mwaka 2026 ni Februari 17 na Ramadhani inaanza siku hizohizo. Kwa hiyo mzigo wa Iddi lazima utoke kule kabla hata ya Januari kuisha, meli ikichelewa kidogo umekula kwako, unabaki na katoni za bastola za maji mpaka mwakani. Ndo maana mkiona karibu na sikukuu bei imepanda ghafla msidhani ni uchoyo tu.

Na hii biashara inaua wakubwa pia. Toys "R" Us, lililokuwa duka kubwa la midoli Marekani, lilifilisika Septemba 2017 na kufunga maduka yake ya kule 2018, na sababu kubwa ilikuwa deni la mabilioni ya dola walilobebeshwa tangu kampuni iliponunuliwa 2005. Riba inakula faida, huna cha kurekebishia duka wala kushindana na wanaouza mtandaoni.

Sasa Labubu, yule mdoli wa manyoya mwenye masikio marefu na meno nje. Mwaka 2025 hakuna siku iliyopita bila msichana kuniuliza, wengine wakubwa wanafanya kazi maofisini, wanataka wa kuning'iniza kwenye mkoba. Kachorwa na Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, kwenye hadithi zake za mwaka 2015, halafu kampuni ya Pop Mart ya Beijing, iliyoanzishwa 2010 na Wang Ning, ikaanza kumuuza 2019. Mwaka 2024 Lisa wa Blackpink, kundi la muziki la Korea, akaonekana naye na dunia ikalipuka. Juni 2025 mmoja mkubwa kimo cha mtu aliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuani milioni moja.

Mtu mzima kununua mdoli kwa hela yake mimi sioni shida hata kidogo. Makampuni yote makubwa sasa yanawawinda watu wazima, LEGO wana maboksi ya miaka 18 na kuendelea, maua, magari, majengo, na ni kweli mtu aliyeshinda ofisini akirudi nyumbani akapanga vitofali anapumzika. Kinachonikera ni lile boksi la kufumba. Unalipa kabla hujajua ndani yupo yupi, na kuna mmoja adimu ambaye kila mtu anamtaka, ukimkosa unanunua tena. Kwa mtu mzima ni hiari yake, kwa mtoto wa miaka tisa ni kumfundisha kubahatisha hela. Nimewaona dukani, mtoto anafungua, anaangalia sekunde mbili, "siyo huyu", anaweka pembeni na mkono unarudi kwa mama. Mdoli mzima mzuri, na mchezo wote uliisha kwenye kuchana karatasi. Sasa hivi nimeamua yale maboksi ya kufumba siyaweki ngazi ya chini ya shelfu.

Na wale wa feki wanaoitwa Lafufu, tafadhali. Bandia ya nguo ikichanika umepata hasara ya hela. Bandia ya mdoli macho yanang'oka na mguu unachomoka, mtoto mdogo anatia mdomoni. Marekani mamlaka yao ya usalama wa bidhaa ilitoa onyo Agosti 2025 juu ya hao hao.

Hili la usalama nitalisema kila mahali mpaka mnichoke. Hata majina makubwa yameteleza, mwaka 2007 Mattel waliita mamilioni ya midoli irudishwe, mingine kwa rangi yenye madini ya risasi, mingine kwa sumaku ndogo zinazochomoka, na mwaka uliofuata Marekani ikakaza sheria. Sumaku mbili zikimezwa zinavutana ndani na kubana utumbo katikati. Ila kinachonitisha zaidi hapa kwetu ni zile betri za saa, bapa, zinazong'aa, zipo kwenye vimidoli vya kuimba, kwenye kadi za muziki, kwenye viatu vya watoto vya kuwaka taa. Betri hiyo ikinasa kwenye koo la mtoto inaanza kuunguza nyama, na ndani ya masaa mawili inaweza kufanya madhara makubwa kabisa. Usisubiri itoke yenyewe, usimtapishe, kimbia hospitali hapohapo na uwaambie ni betri. Ukiwa dukani angalia kifuniko, kama hakina skrubu na kinafunguka kwa ukucha, usinunue hata ukipewa bure. Na kwa mtoto chini ya miaka mitatu, wapimaji wanatumia kikopo chenye mdomo wa milimita 31.7, kipande chochote kinachoingia humo chote kinaweza kumkaba. Dukani kwangu nimekata kipande cha bomba la maji cha upana wa karibu hivo, kipo kaunta, mzazi yeyote anaruhusiwa kupima.

Kwa hayo yote nikataka mdoli usio na betri wala vipande vya kuchomoka, ndo nikaenda kwa fundi mmoja wa vitanda na milango, Makorora. Nilikuwa nimeona kwenye karakana yake mabaki ya mbao za mtiki wa msitu wa Longuza yanachomwa kupikia chai ya mafundi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kitanda cha ngapi kwa ngapi?"

"Sitaki kitanda babu, nataka malori."

Akaniangalia. Nikamchorea kwenye vumbi la mbao, bodi, kichwa, magurudumu manne, tundu la kamba. Akauliza malori mangapi ndo yatafikia hela ya kitanda kimoja, swali la haki kabisa, na tukakaa kupiga hesabu. Kinachokula muda ni magurudumu. Kuyachonga moja moja kwa tupa unapoteza siku. Kijana wake ndo akatoa wazo, kuna ule msumeno wa duara wa kutobolea matundu ya vitasa, unaofungwa kwenye drili. Ukitoboa ubao, kile kiduara kinachotoka kati, ambacho siku zote kinatupwa, kina upana mmoja kila mara na tayari kina tundu katikati kabisa, kwa sababu ndo pale ncha ya drili ilipopita. Gurudumu limeshapatikana! Ekseli ni kijiti cha mti mgumu, magurudumu yanakaza kwenye kijiti na kijiti kinazunguka chenyewe chini ya bodi, hakuna msumari hata mmoja wa kuchomoka. Rangi tumekataa, anapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye mafuta kidogo, mtiki unatoka na rangi yake ya asali.

La kwanza magurudumu yalikuwa yanakwama, la pili kamba ilikuwa fupi lori likawa linainua pua. Yaliyofuata yanatembea vizuri hata kwenye mchanga wa uani. Na mteja akiuliza linafanya nini, namwambia linabeba. Mtoto wake ataamua linabeba nini, juzi nimeona linabeba komwe, jana kifaranga.

Hatuko peke yetu pwani hii. Lamu walijenga FlipFlopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, limefunikwa na ndara kama 30,000, likashushwa majini 2018, na Nairobi Ocean Sole wanachonga wanyama kutokana na ndara zilizookotwa ufukweni. Sisi Tanga tuna mbao, tuna mafundi, tuna katani, tuna bandari, na tunaagiza kontena la magari yanayokufa kwa kutu. Inanitia uchungu na sitaki kuficha.

Kinachofuata ni vingalawa. Wale wavulana wa Sahare maji yakianza kujaa jioni wanashusha vingalawa vyao vya kuchonga, vina mirengu miwili, ile miti ya pembeni ya kuzuia visipinduke, mlingoti, tanga la kiroba cha mchele, wanavikimbiza kwa upepo. Mmoja alikuwa anasogeza mlingoti wake nyuma kidogo kila baada ya mkupuo kwa sababu chombo kilikuwa kinachomeka omo, yaani pua yake, majini, hakuna mtu aliyemfundisha. Nataka kuviuza vikiwa havijaungwa, gogo lililochongwa, mirengu, mlingoti, kamba na kipande cha kitambaa, vyote kwenye mfuko wa karatasi, mtoto afunge kamba na akate tanga lake mwenyewe. Babu wa Makorora amesema kuchonga chombo si kazi yake, yeye ni mtu wa pembe mraba.

Kwa hiyo natafuta mchongaji. Awe wa Sahare, Deep Sea au hata Kigombe, kijana au mzee, hela nalipa kwa kila kimoja na sichukui kwa mkopo. Aje dukani asubuhi kabla jua halijawa kali na aje na kimoja alichokichonga mwenyewe, maana kabla ya kuongea bei tutaenda kukijaribu majini kwanza.